Vidole Kumi kwenye Fomu ya Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepanda cheo! Wakili kanikabidhi faili la fundi mwashi. Fundi anashtakiwa kwa kuiba pampu ya maji kwenye jengo alilokuwa analijenga mwenyewe. Yuko mahabusu siku ya arobaini. Mwendesha mashtaka anapinga dhamana — eti huyu ni mwizi wa siku nyingi. Wakili anataka jibu la polisi, la maandishi: ana makosa ya nyuma au hana? Kulipata kunataka barua ya wakili, ridhaa ya fundi, namba ya kesi, na fomu yenye alama za vidole. Jina peke yake halitoshi, majina yanafanana kama mayai.

Na wa kufuatilia ni mimi. Mimi niliyeishia kidato cha pili, tena kwa kusukumwa.

Nimejaza fomu mbili, moja ya akiba. Mwandiko kama umechapwa. Kisha nikaujaribu wino kwenye ile ya akiba, vidole vyangu vyote kumi. Dada wa mapokezi kaniuliza, "Unaoa au unakamatwa?" Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Mahabusu. Afande wa getini kauliza kama mimi ndiye wakili. Nikamjibu bado kidogo.

Fundi ni mtu mpole, mikono kama magome. Kidole kidogo cha kushoto hana, bati lilikikata zamani, kwa hiyo kisanduku kimoja kimebaki kitupu. Nikamwambia, "Mzee, wewe una punguzo." Kacheka. Halafu kanishika mkono: "Mwanangu, mimi hata na jirani sijawahi kugombana. Mwambieni hakimu."

Kutoka hapo moja kwa moja kaunta ya polisi. Fomu ndani, muhuri juu, pa! Saa moja nzima sikumaliza. Nani kama mimi?

Ijumaa, 7 Machi

Kimya. Nimepiga simu mara nne. Wa kaunta keshaijua sauti yangu, kasema: "Wewe Kiherehere, jibu halichemshwi."

Jumatatu, 10 Machi

Jibu limefika! Nimepanda ngazi mbili mbili. Wakili kafungua bahasha, kasoma, kavua miwani.

Ana kosa. Kuvunja duka la betri, miaka mitatu iliyopita, chini ya jina jingine. Adhabu: kufagia stendi miezi sita.

Wakili kasema fundi kamdanganya mchana kweupe. Kesho dhamana haombi. Atasimamaje mbele ya hakimu na karatasi kama hii?

Miezi sita kufagia stendi — naijua. Najua hadi ule ufagio ulivyokuwa unachoma viganja. Na lile jina la uongo nililitunga mwenyewe, kituoni, nikajiona mjanja.

Nimefungua faili. Fomu iliyobaki ina alama tisa na kisanduku kitupu. Niliyopeleka, hii iliyorudi pamoja na jibu, ilikuwa ya akiba. Ya kwangu.

Nilipoajiriwa Wakili aliniuliza kama nina kesi. Nikamjibu sina hata ya kuku.

Jumanne, 11 Machi

Nimemsema mwizi wa betri. Yaani, nimejisema. Hapa hapa mahakamani, kwenye korido, Wakili amekumbatia mafaili. "Wakili, ile rekodi si ya fundi. Ni yangu."

Kaniangalia kama anasoma maandishi madogo ya chini ya mkataba. "Yote?"

"Yote. Hata jina."

Hakufoka. Bora angefoka. Kasema tukingoja jibu jipya fundi anarudi ndani wiki nyingine mbili tatu. Labda hakimu akubali kunisikiliza leo, kwa kiapo, na zile fomu mbili mkononi. Kanionya: mwendesha mashtaka ataniuliza hilo jina la uongo, na yeye Wakili, kuhusu kazi yangu, hawezi kuahidi kitu. Nitasema?

Ndiyo ilitoka kabla sijaifikiria.

Sasa niko benchi, nje ya chumba namba mbili. Moyo unapiga ngoma, na si woga peke yake. Nimeongea maisha yangu yote, leo ndiyo kuna mtu anayangoja maneno yangu!

Mke wa fundi yuko pembeni yangu, na mfuko wa nguo safi za mumewe mapajani. Kaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa wakili?"

"Ndiyo, mama. Mpaka saa hizi."

Kasogea nikae vizuri. Mlango umefunguliwa, karani wa mahakama kachungulia, ananitafuta kwa macho —