Mafuta Yaliyoelea Juu ya Supu

Mama Dorine, mke wangu,

Umeme umekatika tena. Geti la mteja limelala mbele yangu hapa karakanani, nusu limeungwa, nusu bado. Zamani umeme ukikatika mchana nilikuwa navuka barabara kuja nyumbani kula, nawe unanipokea mlangoni: "Umekuja juu unanipenda, ao juu hakuna umeme?" Nami nilikuwa nakwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Leo nimekaa juu ya debe la rangi na kalamu mkononi, na hata hivyo situlii. Nimeshainuka, nikaenda hadi mlangoni, nikatazama barabara kama mtu anayesubiri mgeni, nikarudi.

Nataka kukuambia habari ya supu. Naiandika wazi, kwa sababu katika mji huu karibu kila nyumba imewahi kumpikia mtu aliyelazwa, na labda yuko mwingine anayelala macho wazi kama mimi.

Ilianza kwa kikohozi tu. Uliendelea kwenda Carama kwa dada yako Generose kuchuma mboga za lengalenga, ukirudi hapa Ngagara na fungu lako kichwani. Siku moja nilikuona unakuja umejifunga kitenge mabegani, jua kali namna ile, watu wote wanajipepea. Nikakugusa shingo. Ukaniambia, "Toa mukono wako, ni wa baridi." Mkono wangu haukuwa wa baridi, Mama Dorine. Ulikuwa umetoka kwenye chuma.

Hospitalini walisema ni maambukizi ya mapafu, na kwamba yameshaingia kwenye damu. Daktari alikuwa kijana mpole, alinieleza taratibu. Alisema shida sasa si vijidudu peke yake. Mwili wako wenyewe umewaka ili upigane navyo, ndicho wanachokiita inflamasiyo, na sasa unaendelea kuwaka hata pale usipotakiwa, unaunguza na vyombo vya nyumbani. Mimi ni mtu wa kuunganisha vyuma. Najua moto unaofanya kazi, na najua moto unaotoboa bati. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Unamkumbuka yule muuguzi wa lishe, mwanamke mrefu mwenye miwani? Alisimama kando ya kitanda chako akauliza, "Nani anapika?" Maana hospitali inatoa kitanda na dawa, chakula kinatoka kwa wenye mgonjwa. Generose akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa.

"Mumuletee samaki," muuguzi akasema. "Mafuta ya samaki inasaidia mwili kutuliza ule moto."

Nawe, pumzi inakukataa, ukasema, "Basi mukeke. Ndagala apana. Wadogo vile, na wote wananiangalia."

Dada yako alihamia kwetu na masufuria yake. Sijawahi kuona mtu anapika kama anavyopika mtu anayeogopa. Alikuwa anaenda kumchagua mukeke mwenyewe kwa wachuuzi, anamfungua matamvua, anamnusa, anamrudisha, anatukanwa, anachukua mwingine. Alimchemsha na kitunguu, nyanya na ndimu. Halafu anapiga magoti mbele ya mbabula, lile jiko letu la makaa, moto umepungua, upawa mkononi, anaanza kuengua. Yale macho ya mafuta ya rangi ya dhahabu yanayoelea juu, alikuwa anayafuata moja moja mpaka yaishe, anayamwaga kwenye beseni. "Mugonjwa hawezi kunywa shombo," alikuwa ananiambia. Supu ilibaki safi, unaona mpaka chini. Kisha akaweka kijiko cha mawese, ili upate nguvu, na ili ipendeze. Akafunga sufuria kwa kitenge, tukaibeba kwa zamu, tunatembea haraka isipoe.

Wewe ulikunywa. Siku nyingine vijiko vichache, siku nyingine ulilowesha midomo tu. Generose alikuwa anakushika kidevu kama unavyomshika mtoto, nawe ukanitazama juu ya mkono wake kwa jicho lile la "niokoe." Mimi nikajifanya naangalia dirishani. Tulikuwa bado tunataniana, kumbe.

Sitaandika juu ya siku ile ya mwisho. Ulikuwepo.

Wiki zilipita, watu wakapungua nyumbani. Ndipo yule muuguzi alipokuja karakanani. Anakaa Kinanira, na bawaba ya geti lake ilikuwa imeachia, amelileta nilichomelee. Hakunitambua mpaka nilipovua kofia ya kuchomelea. Akanipa pole. Alisimama akisubiri kazi iishe, nami nikaanza kumsimulia jinsi tulivyofuata maneno yake. Nilikuwa najisifu, nakubali. Nilimweleza mukeke, ndimu, na jinsi Generose alivyokuwa anaengua mpaka supu inang'aa.

Akaniuliza, "Anaengua nini?"

"Mafuta. Ile ya juu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Papa," akasema, "ile ya juu ndiyo nilikuwa nasema."

Nafikiri alijuta palepale, maana aliendelea kuongea muda mrefu, geti lake likiwa limeshakwisha. Alinieleza kwamba mafuta si kitu kimoja. Ndani yake kuna asidi za mafuta za namna nyingi, na mwili unazitoa kwenye sahani na kuzihifadhi katika kuta za chembe hai zake zote. Ugonjwa mkali ukija, mwili unachukua hizo hizo na kuzigeuza kuwa ujumbe: huu wa kuwasha, ule wa kutuliza. Zile za samaki, zinazoitwa omega-tatu, zinasaidia zaidi upande wa kutuliza. Nyingine zinasaidia zaidi kuwasha, na kuwasha nako kunatakiwa, la sivyo vijidudu vinashinda mapema. Nikamuuliza juu ya mawese. Akasema mawese si sumu, nisianze kuyachukia. Nikamuuliza lile nililokuwa nataka kuuliza.

"Angepona?"

"Sijui. Na si mimi tu. Hata kule wanakopitisha mafuta ya samaki kwenye mupira wa kulisha, kwa wagonjwa mahututi, madaktari bado wanabishana kama inaokoa mutu. Supu ya siku chache, Papa? Mi nisingekuambia ndiyo. Siwezi kukuambia apana."

Akalipa, akaenda. Mimi nikabaki na hilo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa ajabu nyumbani. Sokoni nasimama mbele ya chupa za mafuta, nazigeuza, nasoma maandishi madogo nisiyoyaelewa. Dorine akikaanga ndizi nasogea kutazama kikaango. Juzi aliweka mwiko chini akaniuliza, "Papa, leo tunakula ao tunasoma?" Ana sauti yako akiwa amechoka na mimi. Nikatoka nje. Nikarudi. Nikatoka tena.

Lakini mafuta yenyewe si kitu. Kilichoninyima usingizi ni dada yako.

Siku ya kumaliza msiba, ambayo kwetu huja muda mrefu baada ya maziko, wazee walipokwisha kuongea, Generose alisimama. Unajua anavyoogopa watu. Alishika mikono yake mwenyewe akasema amempoteza mdogo wake, lakini Mungu ni shahidi, mdogo wake hakukosa kitu. Akaisimulia ile supu. Akasema ilikuwa safi kama maji ya mvua. Watu wakatikisa vichwa, wanawake wakafuta macho, na mimi niliyekaa karibu naye nikayatazama maji ya glasi yangu. Nilikuwa nimeshajua. Niliona kwamba hilo ndilo godoro analolalia, na mimi ndiye mwenye kisu. Nikaamua kunyamaza mpaka nife.

Sikuweza, Mama Dorine. Dorine aliugua.

Usishtuke. Alianza homa na kikohozi, nikamkimbiza kwa daktari kabla hata hajamaliza kulalamika. Wakasema ni mapafu, lakini amewahi, akapewa dawa za kumezea nyumbani. Generose aliposikia, alifika kutoka Carama na mukeke ndani ya ndoo na ndala amezivaa kinyume, ya kulia mguu wa kushoto. Hakusalimia. Alipuliza makaa, akachemsha, akapiga magoti, akachukua upawa.

Nilisimama mlangoni pa jiko. Mafuta yalikuwa yamekusanyika juu, manjano. Chumbani mtoto anakohoa. Nilimwona anainamisha upawa, na mdomo wangu ukafunguka bila mimi.

"Shemegi, acha."

"Niache nini?"

"Iache hivyo. Usiengue."

"We umekuwa mupishi tangu lini? Toka hapa na harufu yako ya chuma." Alikuwa anatabasamu. Nikamshika mkono. Hapo akaacha kutabasamu.

"Nani amekuambia?"

"Yule muuguzi wa lishe."

"Lini?"

Nikatazama makaa. Alitazama sufuria, akatazama beseni tupu kando ya goti lake. Nilimwona anarudi nyuma, siku kwa siku, sufuria kwa sufuria. Kisha akakaa chini kwenye saruji, miguu mbele kama mtoto, na upawa bado uko mkononi.

"Mbele ya ile siku nilisimama nikaongea?"

"Ndiyo, kabla ya ile siku."

"Ukaniacha niongee."

"Nikakuacha."

Nilimweleza yote, na ule upande wa pili pia: kwamba hakuna anayejua, kwamba madaktari wenyewe wanabishana, kwamba ulikuwa umeshazidiwa tulipofika. Sijui kama alisikia. Alisema tu, "Mi sikutaka unihurumie, Papa Dorine. Huruma yako ilinifanya nionekane mujinga mbele ya mudogo wangu." Kisha akainuka, akamjazia Dorine bakuli, mafuta na vyote, akampelekea, akamshika kidevu. Alipomaliza akavaa ndala zake vizuri, akaenda. Hakuniaga.

Zikapita siku nisizopenda kuzihesabu. Dorine akaanza kupata nafuu, akawa anadai chumvi, dalili nzuri. Mimi nilikuwa naharibu vyuma. Niliwaza kwenda Carama, nikafika nusu ya njia, nikageuka. Nimekupoteza wewe, nikawaza, na sasa nimempoteza na yule anayeshika kidevu kama wewe.

Jana, Jumapili, baada ya misa, akaingia uani. Ana ndoo. Akawasha makaa, akaweka sufuria, akasimama. Nami nikaja nikasimama upande wa pili. Mukeke akachemka, mafuta yakapanda juu yakaanza kuzunguka, na hakuna aliyegusa kitu. Tulikuwa kama watu wawili wanaochungulia kisima.

"Siku moja utaniambia kama ingemuponya?" akauliza.

"Sitajua, shemegi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alifukuza moshi usoni kwa kiganja. Halafu akasema, "Basi tusijue wote wawili. Mutu mumoja ni muchache juu ya kitu kama hiki." Akanipa bakuli niende nimpelekee mtoto, akanikaripia kwa sababu nilishika vibaya.

Sijapona, mke wangu. Bado nainuka, bado natoka nje bila safari. Ila nikitoka sasa najua kuna mtu Carama ambaye naye anatoka nje, na kesho kutwa nitapanda kwake nikamtengenezee mlango wa jiko. Sikumwomba ruhusa. Ameniambia nije na njaa.

Umeme umerudi, geti la mtu linaningoja. Pumzika, Mama Dorine. Sisi huku bado tunakupikia.

Mume wako,
Papa wa Dorine