Bei ya Zamani Kwenye Makoti Yako

Nafula, mtoto wa dada yangu,

Ni mimi, Mjomba Wekesa. Niko hapa Karama, Dubai, kitanda cha juu, wenzangu wa chumba wameenda kazini. Leo Ijumaa ni ofu yangu. Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako bado naipigia, na anajibu mama wa Kizungu ambaye hanijui.

Nikupe habari kwanza. Ile pembe ya godauni yetu Jebel Ali tuliyokuwa tunaiita Kanada, makoti yalipokuwa yanapangwa mpaka darini, siku hizi imejaa vyungu vya maua vya plastiki. Maduka ya nguo ya huko kwenu Kanada yamepunguza oda, mengine yamefunga kabisa. Supavaiza anasema dola yenu imelegea, na mali hulipwa kwa dola ya Marekani, kwa hivyo koti ni lile lile lakini kila likija linamkamua zaidi mwenye duka. Tuliokuwa tunashughulikia mizigo ya Kanada tumebaki watatu. Mimi wameniacha kwa sababu bila mimi bandari yote inasimama.

Unaona? Hata kwako bado natia chumvi.

Wewe ulikuwa unacheka. "Mjomba, ongeza chumvi, haijakolea." Nilipokwambia nilizuia kontena kwa mgongo lisimwangukie Mganda mmoja, uliniuliza lilikuwa tupu ama lina mzigo. Nikasema limejaa friji. Ulicheka mpaka ukakohoa, halafu kengele ya mlango wa duka lako ikalia, ukasema ngoja, mteja. Nikangoja. Nikakusikia ukimpimia mtoto wa mtu koti, ukimwambia mama yake mikono iwe mirefu kidogo, atakua. Ilikuwa Kiingereza lakini nilielewa.

Sasa lile jambo. Sijui linaanzia wapi. Naliandika tu.

Unajua lebo za bei tunazifunga sisi huku, koti likifika dukani ni kutundika. Ile oda yako ya mwisho ulinipigia. "Mjomba, kampuni yenu inasema bei inaweza kupanda. Niandike ngapi kwenye lebo?" Nikakwambia weka ya zamani. Nikasema nimeketi na arbab mwenyewe, tajiri mwenye kampuni, tumekunywa kahawa, ameweka mkono kifuani, bei haipandi, khalas.

Sikuketi na mtu. Arbab nimemwona mara mbili, zote akiwa ndani ya gari.

Ulikuwa umewaambia watu mjomba wako ni meneja Dubai. Mimi ni mfunga lebo, Nafula. Zako nilizifunga kwa mikono hii, moja moja, na bei ya zamani, nikijua. Nilifikiri labda dola yenu itaamka.

Haikuamka. Bei ikapanda, na wewe ukauza kwa ile ya kwenye lebo, ukasema umeshawaahidi watu. Theluji haikuwa imeisha duka likafungwa. Na hukunigombeza. "Huyo arbab wako ana roho ngumu, Mjomba." Basi. Uliniamini mpaka hapo.

Ugonjwa ulikuwa nao tangu zamani, duka halikuuleta. Mume wako Simiyu amenieleza mara mbili. Naamini. Nafikiri naamini.

Hapa nimewaambia watu nilipanda ndege nikaja kukuzika. Sikuja. Nilitazama kwenye simu saa ya chakula, nimekalia kreti. Picha ilikwama kwenye viatu vya watu na theluji. Kisha supavaiza akasema yalla, nikarudi kazini. Sikulia. Mpaka leo. Ninakula, ninalala, nafunga lebo.

Shida ni mama yako. Kila Ijumaa nikimpigia Bungoma anasema mtoto wangu alijua vitabu, biashara hakujua. Halafu anasema hapana, Simiyu ndiye alikula duka. Amemkataza kukanyaga kwake, na hao watoto wako wawili hawatakuja Disemba. Mimi huku nasema ndiyo dada. Ndiyo dada.

Juzi tulipata kasha lako moja lililobaki nyuma, makoti ya watoto. Nikaambiwa nitoe lebo, yanapelekwa kwingine. Nikakata zote. Moja nikaitia mfukoni. Iko hapa kando ya simu, ina jina la duka lako na ile bei.

Nikimaliza kuandika nampigia mama yako. Nitamwambia bei ni mimi, arbab sikumuuliza, umeneja hakuna. Sitatia chumvi. Akinikatia nitapiga tena, na Ijumaa ijayo tena, mpaka aseme Simiyu alete watoto. Hiyo nakuahidi, na hii moja ishike kama ilivyo.

Pumzika, mama. Kabla sijayafunga yale makoti niliangalia mikono. Ni mirefu kidogo.

Mjomba wako Wekesa,
mfunga lebo.