Tumbo Langu, Kikopo cha Bosi

Jumatatu, 2 Septemba

Safari imekwama. Si gari bovu, si barabara — ni tumbo langu. Linanguruma kama jenereta ya saluni. Tangu tutoke kwa shemeji mimi ni mtu wa kukimbia tu. Dereva wa basi amesimama porini kwa ajili yangu mpaka abiria wakanipa jina: Mzee Simama Kidogo. Mwisho nikamwambia atushushe popote penye choo. Akatushusha hapa. Mji siujui, gesti ina mlango wa buluu, choo kiko ndani ya chumba. Pepo hiyo!

Bosi hajanigombeza. (Bosi ni mke wangu, nani mwingine.) Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Alikuwa anatandika shuka letu juu ya shuka la gesti, akasema bila kunitazama:

"Ni maji ya kisima cha kaka yangu hayo. Nilisema yachemshwe."

"Na wewe uliyanywa."

"Mimi niliyanywa kwa adabu. Wewe uliyanywa kwa sifa."

Kweli. Nilikunywa vikombe vitatu, nikapiga na kifua.

Kinachoniuma si tumbo. Kitindamimba wetu anajifungua wakati wowote. Mimba mbili zilishamtoka, hii ndiyo iliyofika. Alimwambia mama yake kwenye simu: bila wewe mlangoni mimi siingii leba. Na tumebakiza kipande kidogo tu cha njia! Halafu mimi na utumbo wangu.

Jumanne, 3 Septemba

Zahanati. Daktari ni binti, miwani imemzidi uso. Akanipa kikopo cha kifuniko chekundu. "Kidogo tu babu, kama punje ya haragwe."

Nikamwambia, mwanangu, zama za punje zimepita, mimi sasa niko kwenye mchuzi. Nesi akageukia ukutani, mabega yakamtikisika.

Majibu: jiadia. Si minyoo. Nilisikitika kidogo, minyoo ningeielewa, ina kichwa na mkia. Hivi ni vijidudu vidogo mno, mpaka hadubini. Daktari akafafanua kuwa dawa zipo za namna namna. Kuna za kumeza wiki nzima, kutwa mara tatu. Kuna za mkupuo mmoja ukamaliza kazi, lakini zimeisha mji mzima, mzigo unakuja mwisho wa wiki. Kuna na zile za minyoo, nazo zinawapiga hawa ukizimeza siku kadhaa. Tuanze na za wiki. Pombe marufuku, nikionja nitatapika matumbo.

"Hata kunusa?"

"Hata kuiota, babu."

Akauliza mama naye anaendeleaje. Nikamjibu huyo ni chuma, hata kikohozi kinamwogopa.

Mwisho akasema jambo ambalo Bosi alilidaka hewani: wadudu hawa hupita mikononi. Penye kichanga na mzazi, mgonjwa akae mbali mpaka apone. Tulipofika chumbani ndipo hukumu ikasomwa: hatuondoki mpaka daktari kwa mdomo wake aseme mimi ni safi.

"Tangulia wewe," nikasema.

"Nikuache ufie chooni, mtu mzima? Nitawaambia nini watoto?"

Alhamisi, 5 Septemba

Dawa hii inaufanya mdomo uwe na ladha ya msumari. Naijua ladha hiyo. Miaka yote ya kushona viatu nilikuwa nabana misumari midomoni nikipiga soli. Nimejikuta namkumbuka mpaka mteja aliyeniletea kiatu kimoja cha kushoto, akasema cha kulia hakina tatizo.

Tumbo limetulia kidogo, si sana. Bosi ananipikia uji kwenye jiko la mama wa gesti. Anaupuliza mwenyewe ndipo anipe, kama nina miaka miwili. Leo kanikata kucha, za mikono na za miguu, eti wadudu wanalala humo. Alikuwa anashika kidole kimoja kimoja, anakigeuza, anakiweka chini taratibu. Nikamuuliza kama vyote viko. Akasema kimoja kina pua kama mwenyewe.

Mkwe kapiga simu. Daktari wa huko anasema ni siku yoyote sasa. Bosi alijibu kwa sauti ya harusini kabisa — haya baba, tunakuja baba, mwambie anywe maji mengi. Simu ikakatika. Akakaa kitandani, ameipakata. Nikamwona. Akajua nimemwona. Akaniuliza kama nimenawa.

Ijumaa, 6 Septemba

Nina mpango! Nimecheka peke yangu mpaka mama wa gesti kachungulia.

Nilikwenda kumbembeleza daktari anipime tena. Akasema mapema mno, dawa yenyewe haijaisha. Nikajiliza kidogo, najua kujiliza. Akakubali: haya babu, lete kesho.

Sasa — Bosi ni mzima. Choo cha Bosi ni kizima. Na kikopo hakina sura! Nikipeleka chake kwa jina langu nitaambiwa safi, yeye atasikia kwa masikio yake, tutapanda basi kesho hiyo hiyo. Huko nitakaa uani nje, simgusi mtoto wala mama yake, nitamwona dirishani. Ila Bosi atakuwepo.

Nikamwambia Bosi kwamba daktari kataka na chake, ndiyo sharti la wanaokwenda kwa kichanga. Akashika kiuno.

"Miaka yote hii ya ndoa kulikuwa na kitu kimoja tu sijakuonyesha. Na hicho nacho unakitaka!"

Jumamosi, 7 Septemba

Sitacheka tena mwaka huu.

Asubuhi changu nikakimwaga, chake nikakiandika jina langu. Bosi akabaki kwenye benchi la nje. Daktari akaniita ndani, akavua miwani, akaifuta.

"Babu, pole. Wapo. Tena wengi kuliko mara ya kwanza."

Nikakaa vizuri kwenye kiti. Akaendelea kusema, dawa imeshindwa, ya mkupuo imefika leo, atanibadilishia. Mimi nilikuwa naangalia kidirisha. Unaonekana upande mmoja wa kichwa cha Bosi, na kitambaa chake cha kijani.

Nikatoka.

"Yako?"

"Bado kidogo."

"Yangu?"

"Safi."

Nimemdanganya mwanamke huyu mara nyingi, karibu zote zilikuwa za kuchekesha.

Nikamrudisha chumbani, nikaenda duka la dawa peke yangu. Njiani nikatunga mpango mwingine, maana kichwa hiki hakikomi. Ninunue dozi mbili, moja yangu, moja niiponde kwenye uji wake, sukari ya kutosha. Asijue lolote, asiumie moyo kwamba angempelekea mjukuu wadudu. Mfamasia ana ndevu kama brashi ya kiwi. Akanihesabia: vinne kwa mkupuo, baada ya kula. Nikasema nipe mara mbili. Akanitazama.

"Za nani nyingine, mzee?"

"Za mke wangu. Tumbo letu ni moja."

"Anatumia dawa gani nyingine? Ya moyo? Ya kuzuia damu isigande?"

Nikamuuliza kwa nini. Akasema hizi na ile ya damu hazikai nyumba moja. Damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani hata asijue.

Bosi anameza ile ya damu kila jioni, tangu alipobadilishwa valvu ya moyo. Mimi ndiye ninayemkumbusha.

Nilikaa kwenye ngazi za duka. Nikachukua dozi yangu tu. Yule mwenye ndevu akaniletea maji ya kunywa, akayafungua mwenyewe.

Jumapili, 8 Septemba

Zahanati imefungwa, wagonjwa wa dharura tu. Nikajiuliza kama mimi ni dharura.

Nimemtazama Bosi akila. Anakula kidogo, anasukuma sahani kwangu. Nilidhani ni wasiwasi wa mtoto.

Vile vinne sijameza. Viko mfukoni. Naona si haki nipone peke yangu.

Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza akadhani nataka kutapika, akaleta ndoo.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekwenda kwa daktari kabla hajavaa koti. Nikamweleza vyote, kikopo, jina, uji. Alicheka mpaka akashika meza. Nilipofika kwenye valvu, kicheko kikakatika.

Kasema hivi. Ya mkupuo asiiguse, na zile zangu za kwanza vilevile. Itakayomfaa pengine ni ile ya minyoo, haina ugomvi mkubwa na dawa yake, lakini haandiki dawa kwa mtu asiyemwona. Aje mwenyewe, damu ipimwe leo hii. Akianza dawa, akapona, akanawa kwa sabuni kama nilivyofundishwa, atambeba mtoto mpaka achoke. Ila si leo, wala si kesho. Na mimi nikapewa karipio la bure: nimeze vile vinne, niache ujinga.

Nikarudi mbio, mbio za uzee. Nikafungua mlango.

Begi limefungwa. Kavaa gauni la safari, kajipaka mafuta, uso unawaka. Sijamwona hivyo tangu valvu.

"Umeanza! Mkwe kapiga simu. Uchungu umeanza tangu alfajiri. Mzee, mimi natangulia, basi linaondoka mchana. Ulikuwa unasema nitangulie, haya, nimekubali."

"Si ulisema nitafia chooni?"

"Kufa ukipenda. Mimi nakwenda kuitwa bibi."

Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Mikono ile! Nikasema Bosi, kaa kwanza. Akasema sema haraka. Nikasema kaa. Akaangalia mlango wa choo, akasema ngoja aingie mara moja, mambo ya safari.

Yumo humo sasa, muda mrefu. Kafungua bomba lote, maji yanapiga ndoo kwa kelele. Anadhani sisikii. Kumbe naye tumbo linamwendesha! Tangu lini? Ile sahani aliyokuwa akinisukumia — alikuwa anabana tumbo lake ili mimi nipone tuondoke, na mimi nafanya mizungu yangu ili yeye aondoke.

Nimekalia begi lake. Ni zito, sijui kaweka nini. Nitamwambia hivi: kwanza, majibu yale... Hapana. Nianze na kikopo, atacheka. Akicheka nitapata pa kupita.

Simu yake inaita kitandani. Mkwe.

Bomba limefungwa.

"Mzee! Si hiyo simu? Pokea basi, mbona umekaa tu?"