Mstari Wako Nilioukata

Mwalimu wangu Bi Salma,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini ningekuandikia bila kukuamkia najua ungenirudishia barua.

Ni miezi saba tangu tukuzike. Darasa la kisomo bado lipo, bati linavuja vilevile, na Faili la Mtoni liko mezani pake. Limenenepa. Watu wa mtaa wanaandika mitishamba, majina ya zamani ya vichochoro, namna ya kupata cheti cha kuzaliwa bila kuzungushwa. Utaratibu ni ule ule wako: yeyote aandike anachokijua, yeyote asahihishe, na kila mtu atie jina lake. Kupokea wageni wa faili sasa ni kazi yangu. Hilo ndilo ninalotaka kukwambia, maana nilianza vibaya.

Unakumbuka ukurasa wangu wa kwanza? Nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani, sina pa kwenda mchana, nikaingia darasani kwako. Mie mtu wa Songea nikajitia kuandika habari za samaki wa baharini. Nikaandika kwamba kibua akishakua ndiye changu. Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe hukucheka. Ulinishika mkono tukaenda kwa muuza samaki, ukachagua kibua na changu, ukaniwekea mmoja kila kiganja. Nikasimama pale nanuka shombo, aibu imenijaa. Ukasema, "Haya, Batilda. Waangalie mwenyewe, halafu uandike." Nilipoandika upya ulibadilisha neno moja tu, tena uliniomba ruhusa.

Mtu aliyefundishwa hivyo, Mwalimu, angefanya nilichofanya mie?

Alikuja fundi cherehani mmoja, Ambakisye, kutoka Tukuyu. Mpole, haongei sana. Alisoma faili siku mbili bila kuandika kitu. Siku ya tatu nikakuta ukurasa wako wa kisima cha bondeni umepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Pale ulipoandika kwamba maji yake ni salama, tumeyanywa tangu utoto wetu, amekata, na chini ameandika: haya maji si ya kunywa. Basi. Zaidi ya jina lake, hakuna kitu.

Ulikuwa mwandiko wako. Sikuona kingine.

Nilimkabili mbele za watu. Nilimuuliza ana miezi mingapi Mtoni. Nikamwambia aliyeandika ukurasa ule kazaliwa hapa na kazikwa hapa. Alifunika kalamu yake, akaitia mfukoni, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Mie nikachukua wembe nikaukwangua wino wake mwekundu taratibu, nusura karatasi itoboke. Nilijiona nakulinda.

Wiki iliyofuata bomba likakauka. Mama Rehema, mpangaji mpya upande wa juu, akaja kuuliza achote wapi maji. Nilifungua faili nikamsomea ukurasa wako, kwa sauti, kwa fahari kabisa. Akashukuru, akaenda na ndoo yake bondeni.

Siku ya nne Rehema alianza kuharisha. Ana miaka mitatu. Alilazwa, akatundikiwa maji, na mie nilisimama mlangoni mwa wodi nikashindwa kuingia.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Ambakisye. Nilimkuta kwenye cherehani yake. Alinipa kiti kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe, kisha nikamuuliza alijuaje. Akafungua dirisha. Palepale bondeni kuna nyumba mpya, na choo chake cha shimo kimechimbwa hatua chache tu kutoka kisimani. Kilichimbwa baada ya wewe kufariki. Yeye alikiona kikichimbwa, na mkewe alishaugua kwa maji yale.

Akaniambia, "Sikujua kama inatakiwa mtu aeleze sababu. Hakuna aliyeniambia, dada."

Hakuna aliyemwambia. Na wa kumwambia nilikuwa mie.

Bwana afya tulimwita pamoja. Alipima, akakifunga kisima kwa miti na bango. Kisha tukarudi darasani, na pale, Mwalimu, niliukata mstari wako kwa mkono wangu. Hukukosea wewe; ulipoandika, maji yalikuwa salama. Ambakisye akaandika chini sababu zote, na mie nikatia jina langu pembeni ya lake.

Rehema alipona, Mungu kasaidia. Mama yake nilimweleza yote, hata habari ya wembe. Baadaye akaomba kalamu, akaandika yaliyompata mwanawe chini ya maneno ya Ambakisye. Mie ananisalimia, lakini kukaa karibu yangu bado hajataka. Simlaumu.

Tangu siku hiyo, mgeni akikata kitu namvutia kiti. Namuuliza kaona nini. Mara nyingi kakosea kweli, kama nilivyokosea mie, basi tunatoka tukaangalie. Ambakisye naye anawapokea wa Jumanne. Kuna mzee mmoja alimaliza saa nzima anabishana naye juu ya jina la kichochoro, wakaondoka wanacheka.

Kesho anakuja mama mmoja wa Kimbiji anayeishi kwa binti yake hapa. Hajui kusoma, ila anajua dawa za watoto wachanga kuliko sie wote. Nimemwambia aseme, mie nitaandika, kisha nimsomee. Akisema sivyo, nitafuta.

Pumzika, Mwalimu, Mungu akunyooshee njia. Kurasa zako nitazitunza, nakuahidi. Na palipobadilika ukweli, nitazikata.

Mwanafunzi wako,
Batilda