Mtu wa Nane wa Kemia

Jumanne, 11 Novemba

Kemia imekwisha! Saa mbili na nusu nzima ukumbini, feni moja tu inafanya kazi. Swali la mwisho limenitoa jasho lakini nimelipata. Nadhani.

Tulikuwa wanane, darasa zima. Mimi mbele, Bridie nyuma kabisa. Alitoka anacheka, kile kicheko cha mtu aliyeteleza mbele za watu. Eti kaacha kurasa nne nyeupe pee. "Lakini si inapandishwa, shosti?"

Nikasema ndiyo, inapandishwa.

Nimejichukia mpaka nyumbani.

Jumatano, 12 Novemba

Baba yuko chini ya mashine ya kuvuna tangu alfajiri, miguu tu ndiyo inayoonekana. Ngano imekauka na mkanda umekatika. Nilimshikia spana. Akauliza hii habari ya kupandisha na kushusha alama ikoje, nimweleze kama ninavyomweleza ng'ombe.

Nikajaribu. Kila somo lina alama hamsini. Somo wanalokimbilia vichwa, ushindani ni mkali, kwa hiyo wakubwa wa mitihani wanaongeza alama. Somo lisilo na vichwa wengi, wanapunguza. Halafu wanajumlisha, na kila mtoto wa jimbo anapewa namba yake ya kuingilia chuo kikuu, mwisho wake mia.

"Kwa hiyo ukipata arobaini Mapishi?"

"Unabaki na thelathini na tano hivi."

"Na Kemia?"

"Inafika arobaini na nne."

"Na aliyepata kumi na nane Kemia?"

"Anaongezewa mbili. Labda tatu."

Mguu mmoja ulikuna mwingine. Kisha: "Basi mkia ni mkia tu, hata ukiupaka rangi."

Hakuwa anamsema Bridie. Hajui chochote. Lakini nilimpa spana isiyo yake, akanifokea, nikaingia ndani.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika hili mara moja, nisije nikajidanganya baadaye.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Agosti, wiki ya kuchagua masomo. Mwalimu Pruett aliniita kando. Kemia wamejiandikisha saba. Shule ndogo kama yetu haimpi mwalimu darasa la watu saba. Bila wa nane, nitasoma kwa skrini na shule ya mji mwingine, saa mbili kwa wiki, na mtandao wetu wenyewe unajulikana—ukipita upepo tu, kwaheri. Na udaktari wa mifugo ninaoutaka bila Kemia nzuri haupo.

Nikaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa netiboli. Bridie alikuwa ameshatia tiki Mapishi kwenye fomu yake. Bridie! Ambaye keki yake ya sponji iliwashinda akina mama wa mji mzima kwenye maonyesho ya kilimo, mama yangu akiwemo, na mama hajasamehe hadi leo. Nikamwambia somo la Mapishi linashushwa. Nikamwambia Kemia inapandishwa, hata ukifanya vibaya hupotezi. Nilimchorea na grafu, nyuma ya ratiba ya mechi.

Akanitazama. "Una hakika? Mimi na Kemia, Leni? Mimi?"

Nikasema nitamsaidia kila Jumatano. Nilimsaidia Jumatano sita.

Ile habari ya mtu wa nane sikuitaja. Si siku ile, si baadaye. Najiambia alikuwa na akili yake na kalamu yake. Ni kweli. Lakini nilijua anachotaka ni kazi ya ambulansi tu, tangu tuko darasa la tano, tangu mama yake alipoanza kujitolea kwenye ile ya mji. Na kozi ya ambulansi haiulizi Kemia. Inauliza namba tu.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua mbili wiki hii, na ngano nyingi bado shambani. Baba haongei, anapumua tu kwa pua.

Leo nilipanda naye lori hadi ghalani. Bridie amepata kibarua cha kupima nafaka. Kasimama jukwaani na kofia kubwa, anachoma bomba kwenye mzigo, anamwaga sampuli kwenye sinia. Wazee wa lori wanamtania, naye harudi nyuma. Mmoja alimwambia mkono wake mzito, akajibu mzigo wako ndio mwepesi, baba. Walicheka lori zima hadi lori la pili.

Mzigo wetu umeshushwa daraja. Wa chakula cha mifugo. Baba alishuka kubishana, Bridie akamwonyesha punje zilizochipua, moja moja, kwa upole, kama anamwonyesha mgonjwa jeraha lake. Baba alimwambia asante! Sijawahi kuona.

Angekuwa mzuri sana kwenye ambulansi.

Aliniuliza nikitumia alama za majaribio ya Septemba atafika sabini? Mwaka jana kozi yake haikumpokea aliye chini ya hapo, hata akihesabiwa nyongeza wanayotupa sisi wa mbali na mji. Nikasema inawezekana. Nilishapiga hesabu wiki mbili zilizopita. Sitini na tano.

Jumatano, 10 Desemba

Kesho saa moja asubuhi. Mama ameniwekea nguo safi kama vile matokeo yatanitazama. Siwezi kula.

Alhamisi, 11 Desemba

93.40. Kemia 38, imekuwa 42. Mama amelia, baba amenipiga bega mpaka limeuma, kisha akarudi shambani kwa sababu jua limetoka. Nimeingia! Nimeingia, nimeingia. Naandika ili niamini.

Bridie hajapiga simu.

Bado Alhamisi, saa tano

Niko chooni. Bridie yuko jikoni kwetu.

Kaja na baiskeli. 64.15, pamoja na ile nyongeza. Kemia 17, ikapandishwa ikawa 19. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida na kuchukua biskuti. Akanikumbatia kwa ajili ya yangu, kweli kweli, akanizungusha, akaniita daktari wa kondoo. Kisha akaketi na kusema dirisha la kubadilisha maombi linafungwa Jumatatu na mwalimu mshauri kamwambia achague kozi ya chini. Atachagua. Anataka kitu kimoja kwanza.

"Nipigie hesabu, wewe mchawi wa namba. Kama ningebaki Mapishi. Nataka nijue tu, ili nilale."

Nilisema haina maana. Akasema ina maana kwake. Nikafungua kompyuta.

Nilimwekea 41, ambayo mwalimu wa Mapishi mwenyewe alikuwa akisema Bridie angeipata. Ikashushwa ikawa 36. Kemia nikaitoa. 72.60.

Nikageuza kompyuta kidogo asione. Nikampunja. 38 tu, iwe siku mbaya, iwe tanuri limeharibika. Ikashushwa ikawa 33.

70.10.

Bado imevuka. Nimempunja kwa makusudi na bado imevuka!

Nikafunga kompyuta, nikasema nimebanwa na mkojo, nikaondoka na daftari hili kwapani. Nani anayekwenda chooni na daftari? Na anajua ninaandika. Ananijua tangu tuna meno ya maziwa.

Nikisema sitini na sita, atalala. Atachagua ile kozi ya chini, atajiona ni mkia tu, basi. Nami nitakuwa nimemchagulia mara ya pili.

Nikisema sabini, itabidi niseme na mengine. Au naweza kusema sabini nikaishia hapo. Naona jinsi ninavyotafuta mlango wa nyuma. Hata sasa!

Amegonga. "Leni? Umezama?"

Nimesema nakuja. Nimevuta maji. Nimeyavuta tena.

Hakuondoka. Nasikia pumzi yake mlangoni. Kisha, polepole, si kwa hasira:

"Kumbe ingetosha."

Amekaa chini, upande wa pili. Nasikia mgongo wake ukigusa mbao. Anasema si kosa langu. Anasema nilimtakia mema tu, kwamba hakuna aliyewahi kumwona ana akili ya Kemia isipokuwa mimi. Nami nilikuwa nahesabu mtu wa nane tu.