Bomba la Kijani

Johor, 12 Februari 2004

Mama mpenzi,

Assalam aleikum. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Hofu yangu ni kwako tu. Mgongo umepoa? Hapa ugenini tunajenga ghorofa ya kumi na nane, na maji ya bombani yananuka dawa. Nikifumba macho naliona bomba letu la mkono pale uani, lile walilolipima watu wa afya wakakuta maji yake hayana sumu, wakalipaka kijani. Nalikumbuka kuliko hata samaki wako wa haradali. Usinune!

Mashine ya kuvuta maji ya kumwagilia imefika? Mwambie Mjomba aifunge karibu na nyumba, isiibiwe. Sitaki tena ulime kwa kuombea mvua.

Mwanao,
Tozammel

Kolmigram, 3 Aprili 2004

Baba yangu Tozammel,

Waaleikum salaam. Mgongo haujambo, kinachoniuma ni mdomo wa jirani yetu Bilkis. "Kohinur, mwanao kakuletea mto mzima!" Mashine inanguruma kutwa kiangazi hiki, na mpunga umestawi mpaka raha. Wanawake wote wanateka kwenye bomba letu, maana mabomba ya kwao yamepakwa nyekundu, sumu tupu. Naringa. Kwa nini nisiringe?

Rangi ilianza kubanduka, nikaipaka upya siku ya Idi. Nitaipaka kila Idi mpaka urudi, ulikute kama ulivyoliacha.

Mama yako

Johor, 20 Septemba 2009

Mama,

Assalam aleikum. Hujambo? Miezi saba huniandikii. Nimekukosea nini? Nilipiga simu dukani kwa Mjomba, akasema umekwenda hospitali, kisha akaanza kuniuliza habari za mvua. Mjomba hajui kudanganya. Niambie wewe.

Mwanao,
Tozammel

Kolmigram, 11 Oktoba 2009

Baba,

Waaleikum salaam. Hujanikosea. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Viganja vyangu vimeota vijisugu, na kifuani nina madoa meusi. Nilidhani vile vya mikononi ni vya jembe. Daktari akaniuliza nakunywa maji gani. Nikamjibu kwa mikogo: ya bomba la kijani! Wakaja kupima. Ni sumu, baba. Aseniki. Binti aliyepima alisema mashine ikivuta kiangazi baada ya kiangazi, maji mazuri ya chini hupungua, na yale mabaya ya juu huteremka kujaza nafasi yake. Kipimo cha zamani kilikuwa cha kabla ya mashine. Akauliza, "Nani alikuwa analipaka kijani?" Nikasema mimi. Nikalia mbele za watu.

Bilkis naye kanywa, na wajukuu zake. Bado ananisalimia kama zamani. Afadhali angenitukana.

Usijilaumu.

Mama yako

Johor, 2 Novemba 2009

Mama,

Pole, mama yangu, pole sana. Nisijilaumu vipi? Mashine nimeileta mimi, na nikasema ifungwe karibu na nyumba. Izimeni leo hii! Mpunga na ufe. Mkataba wangu unaisha mwakani, nakuja Idi, na sirudi tena huku. Nimechoka kukukumbuka.

Mwanao,
Tozammel

Kolmigram, 18 Machi 2010

Baba yangu,

Salamu nyingi. Mashine tuliizima siku ileile barua yako ilipofika. Maji yamepanda mno. Ukisukuma mara mbili tu yanatoka, kama ulipokuwa mdogo. Nilifurahi, nikamwita yule binti apime tena. Sumu iko palepale. Anasema maji hurudi upesi, lakini sumu ikishaingia huchukua miaka kutoka. Nikamwuliza, mingapi? Akaanza kufungasha vipimo vyake.

Nakungoja mpaka macho yananiuma. Lakini nakujua: ukishuka tu kwenye riksho utatupa mizigo, ukimbilie bomba, ukinge mdomo kama ulivyokuwa ukitoka shule. Kwa hiyo jana nimelipaka mwenyewe. Jekundu, mara mbili, juu mpaka chini. Bilkis alinishikia kopo la rangi.

Siku hizi nateka kwenye kisima kirefu cha msikitini, mwendo wa nusu saa, na viganja vinauma nikishika mtungi. Ukifika usiponikuta, usinywe, hata kama una kiu namna gani. Kaa barazani uningoje. Nitakuwa nimekwenda kukutekea maji.

Mama yako