Kesi ya Hamira Itasikilizwa Tabora

Baba Zuhura, mume wangu,

Mahakama imeamua. Kesi yetu ya hamira inasikilizwa hapa hapa Tabora. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyeianzisha, na mimi ndiye uliyeniachia.

Unakumbuka asubuhi ile? Tanuri limeshapamba moto, redio ikasema viwanda viwili vya hamira vya nchi jirani vimeadhibiwa huko kwao kwa kula njama ya kupandisha bei. Ukatoka barazani na unga mikononi, ukautangazia mtaa wetu wote wa Chemchem: "Kumbe haikuwa kupanda kwa dola! Walikaa wakapatana!" Miaka yote ile wateja walikuita mwizi kwa sababu kila hamira ilipopanda bei, mikate yako ilipungua kimo. Hilo ndilo lililokuuma kuliko fedha.

Ukawakusanya waokaji wenzako, mkamweka wakili, Mwanaidi, binti wa jirani yetu, mkadai fidia. Wakili wa viwanda akaja mahakamani na suti ya kijivu, mpole kama mkwe. Akasema hawakatai kujibu, ila Tabora si mahali pake. Waliopatana walipatana kwao, viwanda viko kwao, basi tukashtaki huko huko.

"Huko wapi?" ukaninong'oneza. "Mimi safari yangu ndefu kabisa ni Bukene, na nilirudi naharisha."

Halafu ukasinzia. Mwanaidi akaeleza taratibu kwamba njama ilifanyika kule, lakini bei iliyopandishwa tuliilipa hapa na hasara ilitufika hapa, kwa hiyo mahakama ya hapa ina mamlaka. Alipoketi tu, ukazinduka, ukasimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, walipatana kwao, lakini mimi niliumia Chemchem!"

Jaji akavua miwani. "Mzee, wakili wako amemaliza kusema hivyo sasa hivi."

"Basi amesema kweli," ukajibu, ukaketi. Ukumbi mzima ulicheka, hata yule wa suti ya kijivu. Mimi nilijifunika mtandio uso mzima.

Uamuzi hukuusubiri. Mwenyezi Mungu alikuchukua kabla, na ukoo ukanipa mimi kusimamia mirathi. Nilijua nitarithi tanuri. Kumbe na kesi inarithiwa!

Siku ya uamuzi waokaji walipiga vigelegele, wakachinja na mbuzi. Mwanaidi akahangaika kuwaeleza: "Jamani, kesi bado. Tumeshinda mahali pa kugombania tu." Nani amsikilize, nyama imeshaiva! Nami nikageuka nione unavyocheka, nikakuta kiti kitupu.

Jana wakaanza kuisikiliza. Wakili wa viwanda alishuka kwenye treni iliyochelewa, suti imekunjamana kama aliogelea nayo. "Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba." Nikaitikia marahaba, nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Karani akasoma majina ya wadai kwenye karatasi za zamani, akaliita lako. Nilikuwa nimejiandaa kusema "ni marehemu." Nikasimama.

"Nipo," nikasema.

Jaji akanitazama kidogo, akaandika, hakunisahihisha.

Mungu akulaze pema, Baba Zuhura. Leo naanza kutoa ushahidi, na safari hii atakayesinzia atapigwa kiwiko na mimi.

Mkeo,
Mama Zuhura